Mkutano wa Jumamosi: ripoti za tume kuhusu polisi

Ndugu wanakikundi, salaam aleikum. Jumamosi hii saa kumi alasiri, katika Ukumbi wa Tononoka, tutaanza na Tume ya Jaji Philip Waki ya mwaka 2008, iliyohesabu vifo 1,133 vya ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 na kubainisha kwamba 405 kati ya marehemu hao waliuawa kwa risasi. Majina ya washukiwa wakuu yalitiwa ndani ya bahasha, ikafungwa, akakabidhiwa Kofi Annan, msuluhishi wa mzozo huo. Mwaka 2009 likafuata jopokazi la Philip Ransley, lenye mapendekezo zaidi ya 200 ya kurekebisha polisi. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya IPOA, mamlaka huru inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya maafisa wa polisi. Hapa ndipo wengi wetu huchanganya mambo: tume huchunguza na kushauri, lakini kumfunga mtu ni kazi ya mahakama. Jopokazi la Jaji David Maraga, nalo la kurekebisha polisi, tutaligusia tu. Nakala ni chache, na kurasa za mwisho zimetoka hafifu kwenye fotokopi, kwa hivyo wenye miwani wasiisahau nyumbani.