Barua kutoka Lyon: kilo ya viazi, robo kilo ya siagi

Lyon, Ufaransa
Mwishoni mwa Aprili

Dada Rukia,

Shikamoo. Huku tu wazima, baridi imelegea na asparagasi, yale machipukizi ya mboga, zimeanza kujaa sokoni. Orodha yako nimeipata: viazi vya Joël Robuchon, supu ya Paul Bocuse yenye kofia ya kinyunya, na keki ya chokoleti ya Michel Bras, wapishi mashuhuri wa Ufaransa wote watatu. Vyote vinapikika kwenye jiko la nyumbani, mradi usifuate mapishi ya mahotelini neno kwa neno. Yale yameandikiwa jiko lenye mtu wa kuchemsha, mtu wa kuchuja na mtu wa kupamba sahani. Hayakwambii hatua ipi ndiyo iliyobeba chakula na ipi ni ya kufurahisha macho. Ukitaka kulijua hilo, uliza kwanza chakula kilikuwaje kabla ya mpishi mashuhuri kukishika.

Chukua viazi. Robuchon alifungua mkahawa wake wa Jamin jijini Paris mwaka 1981, akapata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mikahawa, mwaka 1984, na kilichomtangaza kuliko vyote ni viazi vya kupondwa. Wafaransa wenyewe walichelewa kuviamini viazi. Antoine Parmentier, mfamasia wa jeshi, alivila alipokuwa mfungwa wa Waprusia katika Vita vya Miaka Saba, akarudi na kuvipigania hadi Kitivo cha Tiba cha Paris kikakubali mwaka 1772 kwamba havina madhara. Kwa hiyo hiki ni chakula cha mfungwa kilichopandishwa cheo, na hakina kiungo cha kukificha: viazi, siagi, maziwa, chumvi, basi. Kazi yote iko kwenye maji na wanga.

Vipimo ni kilo 1 ya viazi, gramu 250 za siagi isiyo na chumvi, na mililita 200 hadi 300 za maziwa yasiyoenguliwa. Yeye alitumia aina ya ratte, vidogo virefu vyenye nyama ya njano iliyoshikana. Ukivikosa, tafuta vya njano visivyovurugika vikichemka.

Usivimenye. Chagua vya ukubwa mmoja, mwagia maji baridi yavifunike, tia gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nje hulainika na kumeguka wakati katikati bado ni kigumu. Viache vitokote taratibu dakika 25 hadi 30. Kisu kikiingia na kutoka bila kiazi kukifuata, vimeiva. Ganda ndilo linalozuia maji yasiingie, na maji yakishaingia huchukua nafasi ya siagi.

Vimenye vingali vya moto, umevishika kwa kitambaa, kisha vipitishe kwenye kinu cha mkono cha kusagia mboga, chenye sahani ya matundu madogo. Blenda hapana, hata kwa sekunde chache. Visu vyake hupasua vijifuko vya wanga ndani ya kiazi, wanga humwagika nje, na unabaki na gundi isiyorudi kuwa chakula. Rudisha viazi sufuriani kwenye moto wa wastani, geuza kwa mwiko wa mbao dakika 4 au 5 mpaka mvuke upungue na utando mwembamba ushike chini ya sufuria. Sasa tia siagi baridi kutoka kwenye friji, vipande vya sentimita 2, vichache vichache, ukipiga kwa nguvu. Siagi baridi huyeyuka polepole na kushikana na maji ya kiazi. Ile iliyokwisha yeyushwa mafuta yake yameshaachana na maji, nayo itaelea. Maziwa yafuate yakiwa yamechemka, kwa mchirizi mwembamba, na uache pale uzito unapokuridhisha.

Ukiona mafuta yanang'aa pembeni, ondoa sufuria motoni, tia kijiko cha maziwa ya moto, piga mpaka yarudi ndani. Mara nyingi chanzo ni moto mkali au siagi kutiwa yote kwa pamoja. Robuchon alimalizia kwa kupitisha kila kitu kwenye chekeche laini kabisa. Hatua hiyo ni ya fahari. Ukiiruka, ladha haitapungua, ulaini tu ndio utakaopungua kidogo. Kukausha ndiko usikokuruka.

Kama viazi ulivyonavyo ni vya unga unga na vina tabia ya kuwa gundi, kuna njia anayoitumia mpishi Heston Blumenthal wa Uingereza. Menya, kata vipande vinene vya sentimita 2 na nusu, viweke kwenye maji ya nyuzi 70 hivi kwa nusu saa, vipoze kabisa kwa maji baridi, ndipo uvichemshe mpaka viive. Wanga huvimba kwenye lile joto la kwanza, kisha ukipoa hukaza, na baadaye hautoki ovyo. Bila kipimajoto njia hii ni kubahatisha.

Umeniuliza pia juu ya vitabu vya kale. Vingi vimewekwa bure Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na mpwa wangu anayesoma Kifaransa atavisoma bila taabu akishazoea kwamba herufi s ya zamani inafanana na f. Taabu iko kwenye vipimo. Ratili ya Paris, livre, ilikuwa gramu 489.5, na iligawanywa wakia 16 za gramu 30.6 hivi. Kuanzia 1812 ikaruhusiwa livre ya gramu 500 kamili, kwa hiyo tazama mwaka wa kitabu kabla ya kupima. Hapo tofauti ni ndogo, utasamehewa. Pinte ndiyo inayoharibu chakula: ya Paris ilikuwa lita 0.93, wakati painti ya Uingereza ni lita 0.57. Anayezichanganya hupata mchuzi mzito kama ugali na kumlaumu mpishi aliyekufa miaka mia tatu iliyopita. Na moto haukupimwa kwa nyuzi. Wanaandika tu moto mpole au moto mkali.

Kwa kujifunza, anza na asparagasi za mpishi Mfaransa La Varenne, kitabu cha 1651. Anachemsha asparagasi katika maji yenye chumvi, anaonya zisiive kupita kiasi, kisha anatengeneza mchuzi wa siagi nzuri, siki kidogo, chumvi, kungumanga na kiini cha yai cha kuushikisha. Kipimo hakuna hata kimoja, ila anasisitiza uangalie mchuzi usikatike. Linganisha na michuzi ya karne ya 14 kama cameline: mkate uliochomwa, tangawizi, mdalasini na siki, bila tone la siagi. Hapo unaona jiko la Kifaransa likigeuka, na utaelewa kwa nini mpishi Escoffier, katika kitabu chake cha 1903, anaweka viini 5 kwa gramu 500 za siagi kwenye mchuzi wa aina hii.

Nyumbani pika hivi: kiini 1, kijiko kikubwa cha maji yaliyochemshia asparagasi, kijiko kidogo cha siki, gramu 80 hadi 100 za siagi iliyoyeyushwa na kupoa kidogo. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka, chini yake isiguse maji. Piga kiini, maji na siki mpaka vizidi kuwa vizito na waya wa kupigia uache alama chini ya bakuli. Siagi iingie tone kwa tone mwanzoni, kisha mchirizi. Kungumanga ikunwe mwisho, kidogo sana.

Mchuzi huu huharibika kwa namna mbili, na watu huzichanganya. Ukiona chembe chembe, yai limeiva. Karibu na nyuzi 70 liko ukingoni, na likishapita hapo hakuna dawa ya kweli, chuja ulichopata au anza upya. Ukiona mafuta yamejitenga lakini ni laini, siagi iliingia haraka mno. Huo unaokolewa: bakuli safi, kijiko cha maji ya uvuguvugu, kisha mchuzi uliokatika uutie humo kidogo kidogo ukipiga.

Supu sasa. Bocuse aliipika Ikulu ya Élysée tarehe 25 Februari 1975, siku Rais Valéry Giscard d'Estaing alipomvisha nishani ya Légion d'honneur, ndiyo maana inaitwa VGE. Ndani kuna uyoga mweusi wa ardhini, trufi, pamoja na ini la bata aliyenoneshwa na supu safi ya kuku. Usikatishwe tamaa na trufi. Wapishi wa Ulaya wa zamani waliziba mifuniko ya vyungu kwa unga uliokandwa ili harufu isitoroke, na kofia ya Bocuse inafanya kazi hiyohiyo, isipokuwa yake inaliwa. Kinachotakiwa ni supu yenye harufu kali na kofia isiyovuja. Gramu 20 za uyoga mkavu kwa lita ya supu zinatosha kukupa harufu ya kufungia.

Karoti, kitunguu, shina la seleri na uyoga, kwa vipimo sawa, vikatwe vidogo mno na vilainishwe kwa siagi bila kubadilika rangi. Onja chumvi supu ikiwa ya moto, kwa kuwa baridi huficha chumvi na ukishafunika huna nafasi ya kuonja tena. Kisha iache ipoe kabisa kwenye friji. Supu ya vuguvugu huyeyusha siagi ya kinyunya kutoka chini, na kofia huzama kabla ya kuumuka. Jaza bakuli linalostahimili oveni ukiacha sentimita 2 juu. Kata kinyunya cha tabaka za siagi, unene wa milimita 3 hadi 4, kizidi mdomo wa bakuli kwa sentimita moja na nusu kila upande. Kibandike bila kukivuta, maana kilichovutwa hurudi nyuma kikipata moto na kuachia nafasi. Paka kiini cha yai juu tu. Liache bakuli nusu saa kwenye friji, kisha oveni ya nyuzi 220, dakika 18 hadi 20, na usifungue oveni.

Keki nitaieleza kwa kifupi, kwa sababu siri yake ni moja. Bras aliitoa Laguiole mwaka 1981, na katikati yake aliweka ganashi, yaani chokoleti iliyochanganywa na krimu, ikiwa imegandishwa. Zile nyingi zinazofanana nayo ni keki zilizotolewa kabla ya kuiva. Yeyusha gramu 100 za chokoleti nyeusi katika mililita 100 za krimu ya moto, gawa vipande 6, gandisha saa 4 au zaidi. Donge la nje ni gramu 150 za chokoleti na 120 za siagi, mayai 3 yaliyopigwa na gramu 90 za sukari, na gramu 50 za unga. Tia donge chini ya kikombe kilichopakwa siagi kwanza, kipande cha ganashi iliyoganda katikati, kisha funika kwa donge. Kikigusa chini, keki hupasuka ukiigeuza. Nyuzi 190, dakika 14 hadi 16.

Ukivipika vyote siku moja, gandisha ganashi usiku wa kuamkia, fungia supu asubuhi, na viazi viwe vya mwisho. Vikikaa juu ya maji ya moto huvumilia saa moja tu, ukivipiga kila mara. Oveni ni moja na joto ni mawili tofauti, kwa hiyo supu itangulie, na keki ziingie wakati mnakula.

Wasalimie wapwa zangu wote, na uniandikie viazi vimetokaje.

Mdogo wako,
Salim