Ahsante kwa mzee wa mikromita

Injini ya gari langu la mashindano ya ridhaa, ninalolifufua nyumbani, ilikuwa inapoteza presha ya oili kila ikipata moto. Nilitaka kununua pampu. Mzee mmoja asiyependa kutajwa akaja na mikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi mkubwa, na pampu hata hakuigusa. Alipima shingo za krankshafti (sehemu za mhimili mkuu wa injini zinazozunguka ndani ya beringi) moja moja, akalaza uzi laini wa plastiki kwenye kila beringi, akakaza kofia za beringi kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), akafungua na kusoma jinsi uzi ulivyobonyea. Beringi moja: nafasi kati yake na shingo ni milimita 0.11! Presha ilikuwa inapotelea hapo. Kwa shingo ya milimita 50, alitaka 0.05 hivi. Akanichagulia saizi ya beringi mpya, akarudi kunisimamia wakati wa kufunga. Malipo alikataa katakata. Ahsante sana, mzee wangu. Wenye mikromita kabatini, tuazimeni na ujuzi wenu. Gereji za nyumbani tunabahatisha mno.