Msimfiche mtoto jina la ugonjwa wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu ushauri ambao wasomaji wenzangu wamekuwa wakiutoa mara kwa mara, kwamba mtoto akigundulika kuwa na saratani, habari hiyo ibaki kwa watu wazima, naye aambiwe tu kwamba amepungukiwa na damu, au ana homa iliyokawia kuisha, au jambo lingine lolote lisilotisha. Ninaandika nikiwa baba wa msichana wa miaka tisa anayetibiwa saratani ya damu, yaani lukemia. Ushauri huo hutolewa na watu wenye huruma, wakiwemo ndugu zangu wa damu, lakini matokeo yake ni kumwacha mtoto peke yake na hofu ambayo wengine wote nyumbani wanaizungumza kwa kunong'ona.

Niwatendee haki kwanza ninaowapinga. Mzazi anayetoka kwa daktari na majibu ya kipimo cha uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, hana nguvu ya kulitamka neno lile hata kwa mwenzi wake, sembuse kwa mtoto. Wala kuficha si tabia ya watu wasiosoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1961 ulionyesha kwamba asilimia 90 ya madaktari waliohojiwa nchini Marekani hawakuwa na desturi ya kumwambia mgonjwa, tena mtu mzima mwenye akili zake, kwamba ana saratani. Swali hilo lilipoulizwa upya na majibu kuchapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walisema hupendelea kumwambia. Sidhani kwamba madaktari waligeuka wakatili katika kipindi hicho. Ninavyoona mimi, walikuwa wamepata la kusema baada ya kulitaja jina la ugonjwa. Daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, aliporipoti mwaka 1948 kwamba dawa ya aminopterini imewapa nafuu baadhi ya watoto wenye lukemia, nafuu yenyewe ilikuwa ya muda mfupi tu. Leo, katika nchi zenye uwezo, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi zenye kipato cha chini hali bado ni mbaya sana, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na Shirika la Afya Duniani, pamoja na kuchelewa kugundua ugonjwa na kukosekana kwa dawa, ni matibabu kuachwa katikati. Sababu hiyo ya mwisho nitairudia, kwa maana inahusiana moja kwa moja na jambo ninalolizungumzia.

Wanaoshauri kuficha wanadhani kwamba jina ndilo linalomtisha mtoto. Wangeyaona matibabu yenyewe wangefikiri vingine. Binti yangu ana lukemia kali ya limfoblasti, ambayo ndiyo saratani inayowapata watoto wengi kuliko nyingine zote. Hatua ya kwanza ya tibakemikali, yaani matibabu ya dawa za kuua seli za saratani, huchukua takriban mwezi mmoja, hufuatwa na miezi ya dawa nzito za kuimarisha nafuu, kisha huja kipindi kirefu cha vidonge vya kumeza nyumbani, na kwa jumla safari yote huchukua kati ya miaka miwili na mitatu. Humo ndani kuna sindano ya kuchukua uboho kwenye mfupa wa nyonga, na kuna sindano za uti wa mgongo ambazo hurudiwa tena na tena, kwa sababu seli za ugonjwa huu hupenda kujificha mahali ambapo dawa za mishipani hazifiki vizuri. Nywele huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dawa kuanza. Mtoto wa miaka tisa, anayelala wodi moja na watoto wengine wasio na nywele, akiambiwa kwamba haya yote ni kwa ajili ya upungufu wa damu, atanyamaza kwa adabu, lakini atakuwa amekwisha kujua kwamba wazazi wake si watu wa kuulizwa.

Kuna dawa moja ambayo ningependa kuieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyonithibitishia msimamo wangu. Katika hatua ya kwanza watoto hupewa dawa za jamii ya steroidi, kama vile deksamethasoni au prednisoloni. Dawa hizi huua seli za lukemia, lakini pia huufanya uso uvimbe, huleta njaa isiyoshiba, huvuruga usingizi, na hubadilisha tabia kiasi kwamba mtoto mpole anaweza kufoka kwa jambo dogo na kulia kwa jambo lisiloonekana. Binti yangu alimfokea bibi yake, ambaye hajawahi kumjibu vibaya tangu azaliwe, kisha akajifunika shuka akisema kwamba amekuwa mtoto mbaya na ndiyo maana anachomwa sindano. Muuguzi aliketi kitandani pake akamweleza kwamba hasira zile zinaletwa na dawa, kwamba zina siku zake, na kwamba dawa ikisimamishwa atarudi kuwa yeye. Nilimwona akitulia. Maelezo hayo yasingewezekana iwapo tungekuwa tumemwambia kwamba anatibiwa kitu kingine, kwa sababu kila jibu la kweli lingefungua swali ambalo tumejiapiza kutolijibu.

Hiyo dhana kwamba sindano ni adhabu si ya binti yangu peke yake. Watoto wadogo huamini kwa urahisi kwamba wao ndio walioleta ugonjwa, kwa kuanguka, kwa kutokutii, au kwa kumwombea mwenzao mabaya. Nao wazazi, tusidanganyane, hujihoji vivyo hivyo usiku. Ukweli ni kwamba saratani nyingi za utotoni hazina chanzo kinachojulikana, ni chache tu zinazohusiana na kurithi, na lukemia haiambukizwi kwa kula pamoja wala kulala chumba kimoja. Mdogo wake alihitaji kulisikia hilo kuliko mtu yeyote, maana alikuwa ameanza kumkwepa dada yake bila kusema kwa nini. Siri ikishawekwa kwa mgonjwa, hulazimika kuwekwa kwa ndugu zake pia, na watoto wasio wagonjwa wa nyumba hiyo hubaki kubahatisha mambo kutokana na nyuso za wakubwa.

Sasa niseme kuhusu usalama, kwa sababu kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya hisia tu. Tibakemikali hushusha chembe nyeupe za damu, na mtoto katika hali hiyo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, anatakiwa kufikishwa hospitali mara moja, mchana au usiku, kwa kuwa maambukizi yanaweza kumuua ndani ya saa chache. Anayeweza kuigundua homa hiyo mapema kuliko kipimajoto ni mtoto mwenyewe. Aliyeelezwa atasema anasikia baridi. Asiyeelezwa, aliyejifunza kwamba kila akilalamika hurudishwa wodini kuchomwa, ana kila sababu ya kunyamaza.

Halafu kuna ile hatari ya kuacha matibabu. Baada ya mwezi wa kwanza wengi wa watoto hawa hufikia nafuu ambayo daktari akitazama uboho kwa darubini haoni tena ugonjwa. Mashavu hurudi, shule huanza kuzungumziwa, na jamaa huuliza kwa nini mtoto mzima anaendelea kulishwa sumu. Lakini seli zilizobaki zipo, na uzoefu wa miongo mingi umeonyesha kwamba dawa zikikomea hapo, ugonjwa hurudi kwa karibu kila mtoto. Ni nani atakayemeza vidonge kila siku kwa zaidi ya mwaka, akijiona mzima, kwa ajili ya upungufu wa damu ulioisha? Binti yangu huvimeza, hununa, na siku nyingine hutukumbusha sisi. Anajua anachokimezea.

Kumwambia mtoto hakumaanishi kummwagia kila kitu kwa siku moja. Sisi tulimwambia kwamba damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwamba baadhi ya seli zimekataa kukomaa na zinajaa kupita kiasi hadi seli nzuri zinakosa nafasi, kwamba ugonjwa huo unaitwa lukemia na ni aina ya saratani, na kwamba dawa zake ni kali na zitachukua muda mrefu. Mengine tulimwachia ayaulize. Mtoto wa miaka minne huhitaji machache zaidi, na msichana wa miaka kumi na mitano atataka, na anastahili, kusikia kutoka kwa daktari mwenyewe, pamoja na masuala kama uwezo wa kuzaa baadaye, ambayo wazazi wengi huona aibu kuyagusa.

Swali tulilokuwa tukiliogopa lilikuja, nalo alimwuliza mama yake: je, nitakufa? Mke wangu alimjibu kwamba ugonjwa huu unaweza kuua, na ndiyo sababu unatibiwa kwa dawa nzito. Kwamba madaktari wake wanatarajia atapona. Na kwamba hali ikibadilika ataambiwa, hatafichwa. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, nasi tunafahamu tulichokiahidi. Wako wazazi ambao ugonjwa umerudi na dawa zimekwisha, nami siwezi kuwafundisha jinsi ya kuongea. Ninachoweza kusema ni kwamba nchini Uswidi wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani waliulizwa kuhusu jambo hili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto wao juu ya kifo, na hakuna hata mmoja aliyejuta. Miongoni mwa wale ambao hawakuzungumza, zaidi ya robo walijuta.

Kwa wageni wanaokuja kutuona nina ombi dogo. Msimvute mama wa mgonjwa hadi mlangoni ili kumwuliza kwa sauti ya chini yale ambayo mgonjwa anayajua kuliko ninyi. Mwulizeni binti mwenyewe hali yake, na akiwajibu kwamba amechoka kuongelea ugonjwa, basi ongeeni naye mambo mengine.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kwamba ukurasa wa afya wa gazeti lako uwape nafasi wauguzi na madaktari wa wodi za saratani za watoto waandike jinsi ya kuzungumza na mtoto wa kila rika. Mzazi hupewa majibu asubuhi na jioni yake anatakiwa kumtazama mwanawe usoni. Maelekezo hayo yanapaswa kuwa yamekwisha kumfikia kabla ya siku hiyo.

Baba wa binti aliye katika matibabu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)