Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Mafuta na Gesi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mahafali haya.

Klabu yetu ni changa lakini mafanikio yake ni makubwa: tunakutana kila Ijumaa bila kukosa, na tumechora bango la kisima cha gesi lenye urefu wa mita 3, lile ulilopita ukilitazama mlangoni.

Mheshimiwa, gesi ya Songo Songo, mkoani Lindi, iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, 1982. Visima vya huko navyo vitafika mwisho, na vitahitaji wa kuviziba. Kule Pennsylvania, Marekani, visima vya karne ya 19 vilizibwa kwa magogo na mawe. Vingine vinavujisha methani, ile gesi inayowaka, mpaka leo. Mwaka 2021 serikali yao ilitenga dola bilioni 4.7 kwa visima visivyo na mwenyewe nchini kote.

Kuziba si kumwaga zege shimoni. Kwanza gesi hutulizwa kwa tope zito, kisima kikasafishwa, kisha kizibo cha chuma hukazwa juu ya tabaka la gesi. Saruji hushushwa kwa bomba jembamba ijae kutoka chini kwenda juu. Ikimwagwa toka juu huchanganyika na tope na kuacha mapengo. Bomba la kisima la inchi 7 humeza kama lita 20.5 kwa mita, hivyo kizibo cha mita 30 hutaka mifuko 17 ya kilo 50, kila mfuko na lita 22 za maji. Maji yakizidi hujitenga, na gesi hupenya kabla saruji haijashika. Penye hila zaidi ni nje ya bomba, kati yake na mwamba: kama huko hakuna saruji, bomba hutobolewa na saruji ikasukumwa kwa shinikizo. Kizibo kikikomaa hukandamizwa kwa uzito wa mabomba na kupimwa kwa geji ya shinikizo, ndipo bomba hukatwa chini ya usawa wa ardhi.

Haya yote, Mheshimiwa, tunayajua kwa chaki.

Ombi letu ni moja: kisima cha mafunzo cha mita 40 chenye bomba la inchi 7, pampu ndogo ya saruji, geji na kipima methani. Waheshimiwa wawili waliokutangulia katika kiti hicho walikiahidi, nasi tukapiga makofi. Mmoja alituletea fulana. Tunashukuru, ndizo hizi tulizovaa. Eneo lipo nyuma ya karakana, nyasi tunazifyeka kila muhula. Tutafarijika iwapo safari hii ahadi itatajwa pamoja na tarehe, na jina la ofisa wa kumfuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.