Tuzo za muziki wa laivu na mpango wa Jumamosi

Habarini za jioni wanakikundi, poleni na kazi. Wengi mmeniuliza inbox zile National Live Music Awards za hapa Australia zina tofauti gani na ARIA, zile tuzo za chama cha kampuni za kurekodi muziki Australia. ARIA zipo tangu 1987 na zenyewe zimekaa kwenye muziki uliorekodiwa zaidi, hizi zimeanza 2016 na zinaangalia msanii akiwa jukwaani, yaani unapimwa kwa shoo yako, na kinachonifurahisha mimi ni kwamba mpiga besi ana tuzo yake, mpiga dramu yake, mpiga gitaa naye yake, watu ambao wanabeba bendi nzima halafu siku zote linatajwa jina la mwimbaji tu. Hapo wamefanya haki kabisa.

Na msione ni jambo dogo jamani. Hapa Melbourne Januari 2010 baa ya The Tote ya Collingwood ilifungwa sababu ya masharti ya leseni, mwezi uliofuata maelfu ya watu wakaandamana mjini kutetea muziki wa laivu, na mwaka huohuo ikafunguliwa tena.

Sasa Jumamosi twendeni tukasikilize bendi palepale Tote, tukutane steshen ya Collingwood saa 12 jioni, tutatembea pamoja. Kadi za Myki za usafiri muwe mmeshaongeza hela, na wenye masikio mepesi njooni na plagi za masikio maana spika zile ziko karibu sana na watu. Anayekuja aandike jina hapa chini kabla ya Alhamisi usiku.