Mshumaa mmoja wa ziada

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza keki ya Salma, anayetimiza miaka 6, iwekwe mishumaa mingapi. Weka 7.

Desturi hii ni ya Wajerumani, tangu karne ya 18. Asubuhi ya siku ya kuzaliwa ya mtoto waliwasha mshumaa mmoja kwa kila mwaka aliofikisha, kisha mmoja wa ziada, Lebenslicht, yaani nuru ya uhai, kwa ajili ya mwaka unaoingia. Ikiisha waliweka mingine, mpaka jioni keki ilipoliwa. Mwaka 1746 bwana mkubwa mmoja wa Kijerumani, Zinzendorf, alipikiwa keki pana kadiri tanuri lilivyoweza kubeba, ikatobolewa matundu kwa hesabu ya umri wake, kila tundu mshumaa, na mmoja katikati. Kutoboa kwanza ni akili nzuri, nawe fanya hivyo kwa njiti: mshumaa ukiusukuma kwa nguvu, keki inapasuka. Mshairi wao Goethe naye, mwaka 1801, aliletewa keki yenye mishumaa kama 50, ikaanza kuyeyuka kwa kuungana moto. Kwa hiyo achanisha yako upana wa vidole viwili.

Keki yenyewe. Zamani iliumuliwa kwa hamira au kwa mayai yaliyopigwa mpaka mkono ukafa ganzi. Mwaka 1843 Alfred Bird wa Birmingham, ambaye mkewe alidhurika na hamira, akatengeneza bekingi pauda, na hapo keki laini ikawa kazi ya mtu yeyote.

Pima mayai 4 pamoja na maganda yake. Uzito utakaopata ndio uzito wa siagi, wa sukari na wa unga, kila kimoja. Mayai yetu hutofautiana sana, ndiyo maana nakwambia upime, usihesabu tu. Bekingi pauda vijiko vidogo 2. Saga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe, hapo ndipo hewa inapoingia. Mayai yasitoke kwenye friji, maana ya baridi hukata mchanganyiko. Weka moja moja. Unga uchekeche, ukorogee taratibu na uache ukishachanganyika, kwani ukizidi kukoroga keki inakuwa ngumu kama mkate.

Ukipikia mkaa, palia makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Chini kukizidi, kitako kinaungua, katikati ikiwa bado mbichi. Usifunue kabla ya dakika 25: vile viputo vya hewa bado havijashika, baridi ikiingia keki inabonyea. Chomeka njiti, ikitoka kavu, epua. Krimu usipake mpaka keki ipoe kabisa, la sivyo itateleza yote pembeni.

Jambo moja naomba ulizingatie kwa dhati. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima krimu baada ya mishumaa kupulizwa, wakakuta bakteria wameongezeka kwa wastani mara 14. Kwa watoto wazima si hatari kubwa, lakini Salma ndiye atakayewalisha wageni wote kwa mkono, na bibi yake ni mgonjwa. Basi chota mchanganyiko kidogo kabla ya kuupika, upike kikeki cha kwenye kikombe. Mishumaa yote 7 ikae hapo kama haibanani, au ule wa ziada peke yake, apulize hicho. Kubwa ibaki safi ya kukata.

Wako,
Rehema