"Sawa" si jibu: barua ya wazi kwa wanaopokezana zamu wodi ya wazazi

Wanangu wauguzi na wakunga, na ninyi madaktari vijana mnaoamshwa usiku,

Nawasalimu. Barua hii inahusu ile nusu saa ambayo zamu moja inatoka na nyingine inaingia, pamoja na simu zinazopigwa kati ya saa sita usiku na alfajiri. Dawa ipo kabatini, mwongozo umebandikwa ukutani, mtaalamu yupo, na bado mama anakosa dozi yake kwa sababu aliyesema alidhani amesikika na aliyesikia alidhani ameelewa. Shirika la Afya Duniani liliyaingiza makabidhiano ya wagonjwa katika masuluhisho yake tisa ya usalama wa mgonjwa tangu mwaka 2007, kwa hiyo msidhani ni bibi mmoja tu anayelalamika.

Nianze na neno linaloniudhi kuliko yote: "sawa". Wodini neno hili lina maana tano. Nimesikia sauti yako. Nimeelewa. Nitafanya. Niache niende, gari linaondoka. Sikusikia, lakini naona aibu kukurudisha nyuma. Anayekabidhi hana namna ya kujua amepewa ipi, na kwa kuwa naye amechoka, anachukua ile inayomfaa.

Marubani walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, mwongozaji wa ndege alimjibu rubani wa KLM, shirika la Uholanzi, "OK", kisha akamwambia asubiri, ataitwa. Maneno hayo ya pili yaligongana redioni na sauti ya ndege ya Pan Am, na kwa rubani wa KLM kilichofika wazi ni ile "OK". Fundi aliyekuwa naye aliuliza kama ndege ile nyingine imekwisha toka njiani. Rubani, mkubwa wake kwa cheo, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Akaondoka, ndege mbili zikagongana njiani, watu 583 wakafa. Tangu hapo rubani haruhusiwi kuishia kwenye "sawa". Anairudia ruhusa aliyopewa, naye mwongozaji anasikiliza kama imerudi vilevile.

Nanyi fanyeni hivyo kwa kila agizo la mdomo. Aliyepewa aliandike kwanza, kisha alisome kwa sauti: mgonjwa, dawa, kiasi, njia, saa. Aliyetoa agizo aseme "ndivyo". Likirudi limepinda, lirudieni lote upya. Kusema "hapana, ile nyingine" kunazaa kosa la pili juu ya la kwanza. Zoezi lote ni la sekunde kumi na tano hivi.

Sasa saa zetu. Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega, na vitabu vya kigeni haviwezi kutusaidia. Mtoa zamu anasema, "Mama wa kitanda cha sita, sindano yake ni saa nne." Ni nne ipi? Yaweza kuwa saa nne asubuhi, yaani 10:00. Yaweza kuwa kila baada ya saa nne. Yaweza kuwa saa nne kuanzia sasa, na kama mnapokezana 07:30 hiyo ni 11:30, dozi imechelewa saa moja na nusu. Na yule aliyezoea kuandika kwa Kiingereza atajaza 04:00 kwenye chati bila kusita. Walimu wa lugha hawapendi tukisema "masaa", na wana hoja zao, lakini wodini "masaa manne" yameokoa dozi nyingi. Mimi nasema hivi: mdomoni sema "kila baada ya masaa manne, inayofuata saa nne asubuhi", na kwenye karatasi andika 10:00. Saa ya karatasi iwe ya tarakimu nne, usiku na mchana.

Nimetaja sindano hiyo makusudi, kwa maana hakuna ripoti inayoharibika kirahisi kama ya mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Akishapata dozi ya kuanzia, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 5 kila tako, anaendelea na gramu 5 kila baada ya masaa manne, kwa kubadilisha tako, mpaka yatimie masaa 24 tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, lolote kati ya hayo mawili lililotokea baadaye. Na kabla ya kila dozi kuna mambo matatu: apumue angalau mara 16 kwa dakika, goti liruke linapogongwa, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa masaa manne yaliyopita. Pungufu ya hapo dozi inasubiri, kwa sababu dawa hii inatoka kwa njia ya mkojo, na ikijaa mwilini inazima pumzi.

Halafu nasikia ripoti: "Wa sita anaendelea vizuri, yuko kwenye magnesiamu." Hiyo si ripoti. Anayepokea hajui dozi ya mwisho ilikuwa lini, tako lipi, mkojo ulipimwa au mfuko ulimwagwa tu, na masaa 24 yanahesabiwa kutoka wapi. Ripoti ni hii: "Dozi ya mwisho 06:00, tako la kulia. Inayofuata 10:00, la kushoto. Mkojo tangu 02:00 hadi 06:00 mililita 160. Pumzi 18, nimehesabu dakika nzima. Goti linaruka. Degedege la mwisho jana 21:00, amejifungua 23:00, kwa hiyo tunamaliza leo 23:00." Kisha aliyepokea anairudisha. Kama kuna dozi iliyosubirishwa, sema imesubirishwa na kwa nini, la sivyo mwenzako ataona nafasi tupu kwenye chati akidhani umesahau kujaza.

"Vizuri", "kidogo", "nyingi" ni maneno ya sebuleni. Damu "nyingi" ya mkunga mzoefu na "nyingi" ya mwanafunzi wa mwaka wa pili hazilingani, na macho yetu sote hupunguza. Pima kwa chombo chenye mistari au pima uzito wa vitambaa, kisha taja mililita. Vifupisho navyo viacheni: MgSO4 na MSO4 vinatofautiana kwa herufi moja, cha kwanza ni magnesiamu na cha pili ni mofini, dawa kali ya maumivu. IU, yaani yuniti, ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ikiandikwa haraka inasomeka IV, yaani kwenye mshipa, au 10. Andikeni neno zima. Nusu ni 0.5, msiache sifuri ya mbele. Tano ni 5, msiongeze 5.0, maana nukta ikififia inakuwa hamsini.

Kelele, simu, ndugu mlangoni, haya mnayajua. Zimeni simu na mmoja wenu abaki na mlango.

Lililo gumu zaidi ni mpangilio. Wengi mnaanza kitanda cha kwanza mkienda hadi cha mwisho, na mgonjwa mahututi akiwa kitanda cha 19 anafikiwa masikio yakishachoka na anayetoka ameshavaa viatu vyake. Anzeni na walio hatarini. Wodi ya mama 24 yenye mahututi watatu: dakika tatu tatu kwa hao, moja moja kwa wengine, nusu saa imetosha. Simameni kando ya kitanda, si kwenye meza ya kaunta, mwone dripu inayotajwa na mfuko unaotajwa. Mama mwenyewe atawasahihisha: "Sista, mimi sikuchomwa upande huo." Msikilizeni. Ila majibu ya vipimo vya virusi vya ukimwi na mambo ya nyumbani kwake hayasemwi pale kitandani. Yanasomwa kwenye faili, mkiwa wawili.

Kuna heshima pia, ambayo kwetu inaziba masikio pande zote mbili. Daktari wa miaka 26 anamwita muuguzi wa miaka 55 "mama", na baada ya hapo anashindwa kumwambia hesabu yake ya dozi imekosea. Muuguzi kijana naye anaona daktari bingwa ameandika kipimo cha ajabu, anajiambia mkubwa hakosei. Tumieni ngazi tatu. Kwanza uliza: "Daktari, ni gramu 5 au 15?" Usiporidhika, taja wasiwasi na sababu: "Nina wasiwasi, mkojo ni mililita 60 tu kwa masaa manne." Bado? "Sitachoma mpaka tuangalie pamoja," kisha mpigie aliye juu yake. Sauti yako ibaki ya shikamoo, maneno yasilegezwe.

Mkipiga simu usiku, msianze na "samahani kwa usumbufu" na historia ya kliniki ya miezi tisa. Wanamaji wa Marekani wa nyambizi za nyuklia walikuwa na mpangilio wa sehemu nne ambao hospitali ziliuchukua: kinachotokea sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. Hivi: "Wodi ya wazazi, kitanda cha 6. Mama anatoka damu, mililita 700 na inaendelea. Amejifungua dakika 40 zilizopita, kondo limetoka lote, amepata oksitosini yuniti 10 kwenye msuli. Mapigo 124, presha 85 kwa 50. Naona mfuko wa uzazi umelegea, tunausugua na bado ni laini. Naomba uje sasa." Sehemu ya nne ndiyo mnayoiacha mara nyingi. Daktari anakata simu akidhani amepewa taarifa, muuguzi anasubiri akidhani ameita. Nawe daktari, ukishasikia, usiseme "sawa". Sema: "Nakuja, dakika tano. Mwekeeni dripu ya pili."

Mabinti na vijana watarudia maagizo kwa wiki mbili kisha wataacha, hasa kama siku ya kwanza mtu amewacheka au amewaambia, "Si nimeshakuambia?" Wauguzi wafawidhi, hilo ni lenu. Kwa wiki ya kwanza simameni pembeni wakati wa ripoti mkiwa na karatasi. Hesabuni "sawa" ngapi zimesemwa bila kurudia chochote. Msiwaambie mnahesabu nini.